Ankara Iliyolala kwenye Taka

Arusha ina kampuni nyingi za kupeleka watalii mbugani, na nyingi kati yake zinaishi kwa barua pepe. Mgeni wa Stuttgart au Toronto hatapita Barabara ya Sokoine kuulizia bei. Ataandika, atajibiwa, atatumiwa ratiba, kisha ankara, atalipa malipo ya awali kupitia benki, na miezi mitano baadaye atashuka uwanja wa ndege wa KIA na kofia mpya kichwani. Kati ya swali lake la kwanza na siku ya kushuka huenda zikapita barua ishirini, na ikipotea moja tu, hasa ile yenye ankara, safari nzima inaweza kuota mbawa.

Kampuni nitakayoisimulia ni ya kisa tu, msomaji asihangaike kuitafuta kwenye daftari la msajili. Yaliyoipata huzipata kampuni za kweli, na kwa mpangilio huuhuu.

Ilikuwa kampuni ndogo. Mwenyewe alianza kama dereva wa gari la mtu, akajinunulia lake, yakawa manne. Ofisini alikuwa na dada wa hesabu, na kijana wa tovuti aliyepita jioni baada ya kazi yake nyingine. Kikoa chao, chenye kuishia na .co.tz, kilikuwa na umri wa miaka tisa. Muda wote huo kilituma barua thelathini, labda arobaini kwa siku, zote kwa watu walioanza kuandika wenyewe, na wengi wao walijibu. Hakuna aliyewahi kuketi akafikiri kwamba utulivu huo wa miaka tisa ulikuwa mali.

Januari moja oda zilikuwa chache, na kijana akaja na habari. "Mzee, kuna mtu anauza anwani elfu ishirini na mbili za Wazungu wanaopenda safari. Ujerumani, Uholanzi, Marekani. Laki tatu tu."

"Ni za kweli?"

"Zimehakikiwa, Mzee."

Mzee akatoa laki tatu. Hakuuliza watu hao walikubali lini, na wapi, kuandikiwa na kampuni yake. Ni swali dogo, na muuzaji wa orodha hana jibu lake, kwa sababu jibu halipo.

Tangazo lenyewe lilipendeza: nyumbu wakivuka Mto Mara, punguzo la asilimia 15, kitufe cha rangi ya chungwa. Lilitoka Jumatatu asubuhi kupitia seva ileile iliyobeba ankara na ratiba, kwa kikoa kilekile. Kikoa ambacho Jumapili kilikuwa kimetuma barua tatu, kesho yake kilituma elfu ishirini na mbili.

Sasa tutazame upande wa wapokeaji. Gmail, Outlook, Yahoo na wenzao huweka kumbukumbu ya kila kikoa kinachowaandikia wateja wao. Kinatuma kiasi gani kwa kawaida? Barua zake hufunguliwa na kujibiwa, au hufutwa bila kusomwa? Wangapi wamebofya kitufe cha kuripoti taka? Wangapi wameingia kwenye folda ya taka kuiokoa barua yake? Barua ngapi zimeelekezwa kwa watu wasiokuwepo? Kutokana na hayo, na mengine ambayo hawayatangazi ili walaghai wasijifunze kuyakwepa, kikoa hupata sifa. Google ina zana ya bure ya watumaji iitwayo Postmaster Tools, na kwa miaka mingi zana hiyo ilionyesha sifa ya kikoa kwa madaraja manne: ya juu, ya kati, ya chini, na mbaya.

Ile Jumatatu ilijibu maswali yote hayo kwa mkupuo. Anwani nyingi zilikuwa zimekufa zamani, na barua zake zikarudi kwa maelfu na msimbo 550, maana yake hakuna mtu huyo hapa. Ndani ya orodha kulikuwa na anwani za mtego pia. Baadhi ya mitego ni anwani ambazo hazijawahi kuwa za binadamu. Hufichwa kwenye kurasa za tovuti ili programu za kuzoa anwani zizibebe. Mingine ni anwani za watu walioziacha miaka mingi nyuma, zikafungwa, kisha mtoa huduma akazifungua tena kimyakimya aone nani bado anaziandikia. Anwani ya mtego haijawahi kuomba bei ya Serengeti kwa mtu yeyote. Anayeiandikia amejishitaki mwenyewe kwamba orodha yake aliiokota au aliinunua.

Halafu wakaja walalamikaji. Google huwataka watumaji wa barua nyingi wabaki chini ya asilimia 0.3 ya malalamiko, na inawashauri wasivuke 0.1. Piga hesabu: ikiwa anwani elfu kumi za orodha ile zilikuwa za Gmail, walihitajika watu thelathini tu wa kubofya "ripoti taka" kuifikisha kampuni ukingoni. Watu thelathini waliochukizwa, kati ya elfu kumi ambao hawajawahi kuisikia kampuni hiyo, hupatikana kabla ya chai ya saa nne.

Siku ya kwanza ofisini walifurahi. Watu watatu waliuliza bei. Kijana alipewa soda na ahadi ya simu mpya.

Mambo yalianza kuharibika Februari, na hayakuanzia kwenye matangazo. Dada wa hesabu alikuwa amemtumia ankara mteja wa Stuttgart, baba wa familia iliyokwisha kukubali ratiba ya Julai. Kimya. Akatuma tena. Kimya. Akadhani wamebadili mawazo, maana Wazungu nao hubadili mawazo. Wakala wa Munich, aliyeleta makundi miaka sita mfululizo, naye hakujibu ratiba mpya. Wiki ya tatu wakala akatuma ujumbe wa WhatsApp: barua zenu nimezikuta kwenye taka, zote, na moja ina utepe wa onyo juu yake unaosema ujumbe huu huenda ni wa hatari. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa na namba ya akaunti ya benki. Ofisini kwao, akaongeza, hairuhusiwi kulipa ankara iliyokuja na onyo kama hilo.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili, na ndipo wafanyabiashara wengi wanapokosea kulielewa. Anayetuma barua taka hudhani akikamatwa kitakachozuiwa ni barua taka. Kumbe sifa ni ya kikoa kizima. Tangazo la punguzo likipotea hakuna anayelia, lilikuwa la kupotea tangu mwanzo. Inayoumia ni ankara. Inaumia ratiba, risiti, jibu la mtu aliyeuliza kama mtoto wa miaka minne anaruhusiwa kupanda puto, nywila ya muda ya mteja anayetaka kuingia kwenye akaunti yake. Barua za kweli, zinazosubiriwa na watu wa kweli, ndizo zinazolipa faini.

Na hakuna anayekuambia. Seva ya Gmail iliipokea ankara ya dada wa hesabu na kujibu 250, yaani imepokelewa salama, kisha ikaipeleka kwenye taka. Ni sawa na Mangi wa duka la mtaani aliyechoka kukukopesha: hakutukani wala hakuonyeshi daftari, anakwambia tu kwamba sukari imeisha, huku mwenzako nyuma yako anapimiwa kilo mbili.

Mtu ana haki ya kuuliza ni nani aliyewapa mashine za California mamlaka ya kuhukumu kampuni ya Arusha. Jibu lina historia ndefu kidogo. Novemba 1975 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliandika waraka mfupi kuhusu barua zisizotakiwa, akieleza kwamba mashine inayopokea haikuwa na njia ya kumkataa mtumaji msumbufu. Wakati huo mtandao wenyewe ulikuwa ARPANET, wa watafiti na jeshi la Marekani. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, aliwaandikia watu karibu 400 kwa mpigo kutangaza mashine zao, akakaripiwa vikali. Miaka minne baadaye Postel yuleyule alichapisha kanuni za SMTP, ambazo mpaka leo, baada ya marekebisho, ndizo zinazobeba barua pepe. Hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba yeye ndiye. Aliyeliona tatizo mapema ndiye aliyeandika kanuni zilizoliachia mlango wazi. Kwa mtandao mdogo wa watu waliofahamiana, ilitosha.

Mlango ulipovamiwa, ulinzi wa kwanza ulikuwa wa anwani za IP, yaani namba za mashine zinazotuma. Mwaka 1997 Paul Vixie aliasisi orodha nyeusi ya anwani za watumaji taka, na mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus, London. Lakini mlaghai akifungiwa IP moja hupangisha nyingine, na kwenye hosti za bei nafuu mamia ya tovuti hushiriki IP moja, hivyo mwema anaadhibiwa pamoja na jirani yake. Ndipo ikaja SPF, orodha ambayo mwenye kikoa huitangaza kusema ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Mwaka 2007 DKIM ikawekewa kanuni: saini ya kidijitali inayoambatana na kila barua, isiyoweza kughushiwa kirahisi. Mwaka 2015 DMARC ikachapishwa rasmi, nayo humwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa mitihani hiyo. Sasa jina la mtumaji likawa linathibitika, na hukumu kwa kiasi kikubwa ikahama kutoka kwenye IP kwenda kwenye jina. Spamhaus nao walianza kuorodhesha vikoa, si IP pekee.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi wawe na vyote vitatu, pamoja na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye matangazo. Microsoft walifuata Mei 2025. Kwa Google, mtumaji wa barua nyingi ni yule anayepeleka 5,000 au zaidi kwenye akaunti binafsi za Gmail ndani ya saa 24, na ukishavuka kiwango hicho mara moja, unahesabiwa hivyo daima. Jumatatu moja iliigeuza kampuni ya barua thelathini kwa siku kuwa mtumaji mkubwa wa kudumu kwenye vitabu vya Google.

Sisemi mfumo huu ni wa haki. Hakuna baraza la rufaa, hakuna dawati Dar es Salaam la kupelekea malalamiko, na mteja mdogo akiandika msaada hujibiwa na ukurasa wa maelekezo. Mtu anaweza kuharibikiwa bila kosa lake. Mzee wetu hakuwa miongoni mwa hao.

Alifanya kama wengi wanavyofanya. Kwanza alihama hosti, akidhani tatizo ni seva. Halikuisha, kwa sababu kikoa alihama nacho. Kisha kijana akasajili kikoa kipya, jina lilelile na kistari katikati, wakaanza kutuma humo. Kikoa kipya hakina sifa mbaya, lakini hakina nzuri pia, na vichujio havimwamini mgeni. Spamhaus wana orodha maalumu ya vikoa vilivyosajiliwa ndani ya saa 24 zilizopita, kwa sababu walaghai hupenda kuvisajili asubuhi na kuvitupa jioni. Zaidi ya hapo, wateja wa zamani walipoona jina lenye kistari wakaogopa kwamba kampuni imeingiliwa na matapeli. Wakala wa Munich alipiga simu kuuliza kama ofisi bado ipo.

Mwisho akajitokeza mtu aliyeahidi kuliondoa jina kwenye orodha zote nyeusi kwa dola 400. Hapa nitasema wazi: Spamhaus hawatozi pesa kuondoa jina. Anayekutoza kwa ajili ya hilo anakuuzia fomu ya bure. Na fomu hiyo haisaidii ikiwa chanzo bado kinaendelea, maana jina litarudi palepale.

Aliyewasaidia alikuwa mama mmoja wa Moshi, fundi wa mitandao, aliyeitwa na dada wa hesabu kwa pesa zake mwenyewe. Jambo la kwanza alilowaambia halikuwa la kiufundi. "Ile orodha ifuteni. Msiipunguze, msiichambue. Ifuteni." Kijana alitaka kubakiza wale watatu waliouliza bei. Mama akakubali hao watatu, kwa kuwa wao walikuwa wamejibu.

Kisha akafungua rekodi za DNS, daftari la maelekezo ya kikoa, na kuanza kuguna. Kulikuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya hosti ya zamani na nyingine ya sasa. Kanuni inaruhusu moja tu. Zikiwa mbili, mpokeaji anahesabu ni kosa na mtihani wote unaanguka. DKIM haikuwashwa kabisa. Programu ya kupokea oda, iliyokodishwa kutoka nje, ilikuwa ikituma vithibitisho kwa jina la kampuni bila ruhusa wala saini. Fomu ya tovuti ya kujiandikisha kupata habari haikuomba uthibitisho, kwa hiyo roboti yoyote ingeweza kuandikisha anwani ya mtu mwingine. Agosti 2016 wahalifu walitumia fomu za namna hiyo kote duniani kuzifurisha anwani za watumishi wa serikali ya Marekani, na wenye fomu, ambao hawakuwa na ubaya na mtu, wakajikuta wanahesabiwa watuma taka.

Kilichomfanya avue miwani kilikuwa mstari mmoja wa chini kabisa: kikoa kidogo, yaani tawi la kikoa chao, cha shindano la picha lililofanyika miaka saba nyuma, bado kimeelekezwa kwenye tovuti ya wakala wa matangazo aliyekwisha kufunga biashara. Kijana akacheka, akasema hiyo ni takataka ya zamani haina madhara.

Ina madhara, na si kwa wadogo peke yao. Mwaka 2001 kikoa kidogo marthastewart.msn.com, cha kampuni kubwa kama Microsoft, kilielekezwa kwenye kikoa kingine kilichosajiliwa kwa ajili ya bahati nasibu ya mtangazaji Martha Stewart. Bahati nasibu ikaisha, usajili wa kikoa kile ukakwisha muda, na mstari wa DNS ukasahaulika kwa zaidi ya miaka ishirini. Septemba 2022 mtu asiyejulikana alikisajili upya. Tangu siku hiyo aliweza kutangaza seva zake mwenyewe kuwa zina ruhusa ya kutuma kwa jina la msn.com, na mitihani ikafaulu, kwa sababu kwa mujibu wa DNS ruhusa ilikuwa ya halali. Watafiti wa Guardio Labs walipofichua mtandao wa wezi waliokuwa nyuma yake Februari 2024, walikuta vikoa zaidi ya 8,000 na vikoa vidogo zaidi ya 13,000 vimetekwa kwa njia za aina hiyo, vikiwemo vya eBay, VMware, The Economist na Chuo Kikuu cha Cornell, na barua taka zilizopita humo zilifika mamilioni kwa siku.

Wezi hao walikuja kuchukua jina zuri. Hawakuhitaji kuvunja seva yoyote wala kuiba nywila. Dunia nzima ilikuwa imekubali kuziamini barua za msn.com, na imani hiyo ilikuwa imeachwa barazani bila mlinzi. Kwa nini wahangaike? Kwa sababu ankara ya uongo ikifika kwenye kikasha inalipwa, na ikifika kwenye taka hailipwi. Walaghai wanajua bei ya sifa ya kikoa kuliko wengi wa wanaoimiliki.

Mama wa Moshi akafuta mstari ule, akaunganisha SPF kuwa moja, akawasha DKIM kwenye hosti na kwenye programu ya oda, akaweka DMARC, kwanza ya kutazama tu ili ripoti zimwonyeshe ni nani mwingine anatuma kwa jina lao. Matangazo, kama yatakuwepo tena, akayaagiza yapite kwenye kikoa kidogo cha peke yake, mbali na ankara. Hiyo si kinga kamili, kwa kuwa uchafu wa mtoto humfikia mzazi, lakini unapungua. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya uvumilivu: kuwaandikia wale tu wanaojibu, kidogo kidogo, na kuwaomba wateja wa zamani kwa simu waingie kwenye taka na kubofya "si taka". Mibofyo ya namna hiyo ina uzito, maana inatoka kwa watu haohao ambao kichujio kinajaribu kuwaridhisha.

Mei ankara zilianza kufika tena kwenye vikasha vya Gmail. Outlook walichelewa mpaka Juni, na kwa wakati huo msimu ulikuwa umegawanywa. Familia ya Stuttgart ilikwenda na kampuni nyingine. Wakala wa Munich alibaki, lakini siku hizi anataka kila namba ya akaunti ithibitishwe kwa simu kabla hajalipa, na sioni wa kumlaumu.

Kuna upande wa sheria pia, ambao Mzee aliusikia baadaye na kunyamaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na Umoja wa Ulaya, walikoishi wengi wa watu wa ile orodha, unatekeleza kanuni zake tangu 2018. Anwani ya barua pepe ya mtu ni taarifa yake binafsi, na laki tatu alizolipwa muuzaji haziihamishi ridhaa ya mwenyewe kwa mnunuzi.

Wewe unayesoma haya na una biashara yenye kikoa chake, usingoje kuambiwa na wakala wa Munich. Leo tuma barua moja kutoka anwani ya ofisi kwenda Gmail yako binafsi. Ifungue kwenye kompyuta, bofya vile vidoti vitatu upande wa kulia, chagua kuonyesha ujumbe wa asili. Juu kabisa tafuta mistari mitatu: SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja na neno PASS au FAIL mbele yake. Ukiona FAIL, au mstari mmoja haupo, mpigie fundi wako kabla hujampigia mtu wa matangazo.